Kangal ni mbwa wa mbuzi, si mbwa wa geti

Karibu kila wiki natumiwa picha ya mbwa yule yule, Kangal, mbwa mlinzi wa mifugo kutoka Uturuki. Amevishwa kola ya chuma yenye miiba mirefu, kifua kina damu, na chini yake kuna maandishi kwamba huyu ndiye kiboko ya mbwamwitu. Kisha linafuata swali: "Daktari, nikimleta huyu kwangu fisi watakoma?" Wengi wanaouliza ni wafugaji wa huku Chamwino, mkoani Dodoma. Wengine ni watu wa mjini waliojenga Nala na Ihumwa, wanaotaka mbwa wa kuwatia wezi hofu. Mimi ni afisa mifugo, si daktari, ila huku kwetu anayebeba sindano ya chanjo huitwa daktari, basi naitika.

Swali ni zito na nalijibu kwa uzito wake. Mama anayeamka alfajiri akakuta ua wa miiba umepanguliwa na mbuzi wake wawili wazazi wameliwa, amepoteza sare za shule, amepoteza maziwa ya watoto, amepoteza akiba ambayo angeipeleka mnadani Msalato mvua zikigoma. Nimekaa na watu wa namna hiyo kwenye mazizi yao. Kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu ninachokijua kuhusu mbwa huyu, maana picha zile zinaonyesha meno tu, na meno ndiyo sehemu yake ndogo kabisa.

Dume la Kangal husimama sentimita 72 hadi 78 kipimo cha begani, jike sentimita 65 hadi 73. Dume huwa na kilo 48 hadi 60, jike kilo 40 hadi 50. Hivyo ni vipimo vya FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa. Kwa hesabu ya zizini, beberu letu la Kigogo lililoshiba majani ya masika bado halimfikii dume la Kangal kwa uzito. Lakini asiyemjua hutegemea kuona pande la mnyama, na akimwona akitembea hushangaa: miguu mirefu, tumbo limepanda juu, mwendo mwepesi wa kula masafa. Mbwa wa kilo 90 wanaotangazwa mitandaoni hawafai kwa kazi hii. Anayefuata kundi kutwa nzima na usiku akazunguka zizi hawezi kubeba mwili wa aina hiyo bila nyonga kuharibika mapema.

Rangi yake ni ya mchanga, na wengine huelekea kijivu. Uso ni mweusi kuanzia pua hadi machoni, masikio nayo meusi, yameanguka kando ya kichwa. Anaweza kuwa na doa jeupe kifuani na kwenye vidole. Manyoya ni mafupi lakini yamepangwa tabaka mbili, la nje gumu, la ndani laini na zito. Ngozi ya shingo ni nene na imelegea kidogo, na hilo lina faida yake: adui akishika, anashika ngozi, hashiki nyama.

Mkia ndio wa kuutazama. Akiwa ametulia, mkia huning'inia chini na ncha imejikunja kidogo. Akihisi kitu, unapanda na kujiviringa juu ya mgongo, na kundi zima linaelewa. Nimeona mbuzi wakiacha kula kwa sababu ya mkia huo tu, kabla mbwa hajatoa sauti.

Jamaa zake wa milimani ni wengi, na watu huwachanganya. Yupo mbwa wa Bernard Mtakatifu wa Uswisi, aliyefugwa na watawa kwenye kivuko cha Great St Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, akitafuta wasafiri waliopotea kwenye theluji. Yupo Mbwa wa Milima ya Bern mwenye rangi tatu, mpole, mzuri wa kupendeza, lakini maisha yake ni mafupi, miaka saba au minane kwa kawaida. Yupo mweupe wa milima ya Pirenei, kati ya Ufaransa na Hispania, ambaye naye ni mlinzi wa kondoo. Wote nawaheshimu. Ila manyoya yao marefu kuyaleta Dodoma mwezi Oktoba, jua limesimama na upepo unapeperusha vumbi jekundu, ni kumtesa kiumbe. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kutweta, na kutweta kuna kikomo.

Kangal alikotoka ni nchi ambayo mtu wa Dodoma akionyeshwa picha yake ya kiangazi hatashangaa sana. Ni wilaya ya Kangal, mkoa wa Sivas, katikati ya Uturuki, uwanda wa juu ulio mkavu, nyasi fupi, miti michache. Mji wa Sivas uko karibu mita 1,285 juu ya usawa wa bahari, Dodoma ni mita 1,100 na ushee. Kiangazi chao ni kikavu na kikali. Tofauti inakuja kipupwe, ambapo kule theluji hulala wiki nyingi na mbwa hulala juu yake. Kondoo wao wa asili, wanaoitwa Akkaraman, ni weupe na wana mkia wa mafuta, jambo lililonifurahisha nilipolisoma, maana kondoo wa mkia wa mafuta tunawajua vizuri.

Wachungaji wa Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, walikuwa wakipandisha makundi milimani wakati wa joto, wakakaa huko kwenye malisho ya juu miezi kadhaa, wakashuka baridi ilipoanza. Huko juu walikuwapo dubu na mbwamwitu wa nchi za baridi (wolf), si mbwamwitu wa porini kwetu. Hakukuwa na bunduki mikononi mwa kila mtu wala ukuta wa kufungia kondoo. Kulikuwa na mbwa. Ile kola ya miiba inayowavutia watu kwenye picha haikubuniwa kwa ajili ya kutisha. Mbwamwitu hushambulia koo, na chuma kinalifanya koo lisishikike. Ni vazi la kujikinga, anavishwa mbwa anayekwenda kwenye hatari, na anavuliwa hatari isipokuwepo.

Hakuna mtu mmoja aliyekaa akamtengeneza Kangal. Sisi huku tuna mfano wa mnyama aliyetengenezwa kwa mpango: ng'ombe wa Mpwapwa, aliyepatikana kwenye kituo cha utafiti pale Mpwapwa kwa kuchanganya zebu wetu na damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara la Asia, pamoja na Ayrshire wa Uskochi kwa ajili ya maziwa. Kazi ile ilifanywa na watu wenye mizani na madaftari. Kangal alichujwa na maisha. Mbwa aliyeonja mwanakondoo aliondolewa asizae. Aliyemwacha mbwamwitu apite hakutunzwa. Aliyemng'ata mtoto wa bwana wake hakuona msimu wa pili. Fanya hivyo vizazi na vizazi, kwenye nchi ya baridi na joto na chakula kidogo, utapata mnyama ambaye ndani yake kuna maamuzi ya wachungaji ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wapo wanaopenda kuufikisha ukoo wake hadi Ashuru, dola ya kale iliyokuwa Iraki ya leo. Ni kweli kwamba kwenye kasri la mfalme Ashurbanipal huko Ninawi, karne ya 7 kabla ya Kristo, kulichongwa mbwa wakubwa wenye shingo nene, na mawe hayo leo yako British Museum mjini London. Lakini mbwa wale wamechongwa wakienda mawindoni, na Kangal si mbwa wa mawindo. Kufanana kwa shingo hakunitoshi kuunganisha ukoo.

Kutoka Uturuki alitoka kwa njia nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 afisa wa jeshi la majini la Marekani, Robert Ballard, aliyekuwa kazini Ankara, alirudi kwao na mbwa wa aina hii, na mwaka 1970 wakapata watoto wa kwanza huko. Wamarekani waliwaita kwa jina la jumla, mbwa wachungaji wa Anatolia, wakijumuisha rangi zote. UKC, klabu ya Marekani inayosajili aina za mbwa, ilimtambua Kangal peke yake mwaka 1998, na mwaka 2018 FCI ikahamishia jina la Kangal kwenye kile ilichokuwa ikikiita mbwa wa Anatolia. Nayaeleza haya kwa sababu nikisema mbwa wa Anatolia wako Afrika, mtu huniambia hao si Kangal. Ni ndugu wa damu moja, na kazi yao ni ile ile.

Kilichomfanya atafutwe huko ng'ambo ni sumu. Mwaka 1972 Rais Nixon alipiga marufuku matumizi ya sumu za kuulia wanyama wala nyama kwenye ardhi ya serikali kuu ya Marekani. Wafugaji wakabaki na kondoo wao na koyote, mnyama wa huko anayefanana na mbweha, bila ile dawa waliyoizoea. Hapo ndipo wanasayansi Ray na Lorna Coppinger, wakiwa Chuo cha Hampshire, Massachusetts, walianza kuchukua mbwa walinzi kutoka Uturuki, Italia na Yugoslavia ya wakati huo, wakawagawa kwa wafugaji na kuandika kila kilichotokea. Mengi ninayoyafundisha zizini yalitoka kwenye madaftari yao.

Sumu naijua. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe humwaga dawa ya kuogeshea mifugo au ya mazao juu ya mzoga, akimtega fisi. Fisi hufa, lakini tai nao hufa, mbwa wa jirani hufa, na mvua ikinyesha, maji yanapita pale pale. Kila njia inayomwondolea mfugaji sababu ya kushika kopo lile naipokea kwa mikono miwili.

Mwaka 1994 mbwa hawa walianza kugawiwa Namibia na Cheetah Conservation Fund, shirika ambalo Laurie Marker alilianzisha mwaka 1990. Kule tatizo lilikuwa duma. Wafugaji walikuwa wakiwapiga risasi na kuwanasa kwa mitego, na mbwa alipokaa na mbuzi, hasara ikashuka kwa kiasi kikubwa na hamu ya kuua duma ikashuka pia. Kutoka huko ndiko mradi wa wanyama wala nyama wa Ruaha ulipowatoa wale walioletwa nchini kwetu, kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, upande wa Iringa, ambako simba, chui na fisi wote wapo.

Huko ndiko nilikomwona kwa macho yangu. Nilikuwa tarafa ya Idodi kwa shughuli za kazi, nikapelekwa kwenye boma la mzee mmoja wa Kibarabaigi. Mbuzi walikuwa wametawanyika chini ya migunga, na sikumwona mbwa yeyote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Simama hapo hapo kwanza. Mwache akujue."

Nikatazama. Katikati ya mbuzi, kitu nilichodhani ni jiwe kiliinuka. Hakubweka, hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wa kawaida, akasimama kwa ubavu, akaukata mstari uliokuwa kati yangu na mbuzi. Mkia ulikuwa juu. Alinusa pindo la kitenge changu, akanusa mkono, kisha akanipita kwa macho na kumtazama kijana wa bodaboda aliyenileta, ambaye alikuwa bado amekaa kwenye pikipiki. Alimtazama muda mrefu. Kijana hakushuka. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake bila kusema neno, wala kumkemea, wala kumsifu. Baadaye mkia ulishuka, mbwa akageuka, akarudi akajilaza mahali pale pale, na mwanambuzi mmoja akaja kumtafuna sikio. Alifumba macho akamwacha.

"Ukimtaka huwa unamwita?" nikauliza.

"Nimwite aje wapi? Kazi yake iko huku."

Jibu lile limeeleza tabia ya Kangal kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Huyu si mbwa wa kutii amri. Mbwa wa polisi husubiri neno la bwana wake. Huyu ameumbwa kuamua peke yake, usiku, bwana akiwa amelala. Ukimwita anakutazama, anapima kama kuna sababu ya kuja, na kama mbuzi wametulia huenda akaja, kama hawajatulia haji. Anayetaka mbwa wa kukaa chini na kutoa mkono hatafurahi naye.

Wala hachungi kwa maana ya kuswaga. Hafukuzi mbuzi kwenda mbele, hawazungushi. Anakwenda nao, mara mbele, mara nyuma, mara anapanda kwenye kichuguu au mwamba kuangalia mbali. Mchana wa joto hulala kivulini na mtu hudhani ni mvivu. Jioni ndipo anapoamka kabisa. Huzunguka mipaka, hukojoa kwenye vichaka na kona, na alama hizo mnyama wa porini huzisoma. Kisha hubweka, sauti nzito ya chini, akielekeza gizani. Sehemu kubwa ya ulinzi huishia hapo. Fisi ana akili na hapendi kuumia, akikuta mahali pana mlinzi, hutafuta zizi lisilo na mlinzi. Mapigano yapo, na Kangal akilazimika hupigana hadi mwisho, lakini mbwa mzuri ni yule ambaye usiku mwingi hapigani kabisa.

Kwa wadogo ni mpole kwa namna ya kugusa moyo. Mbuzi anapozaa malishoni, yeye hujilaza mbali kidogo na kungoja. Kondo la nyuma likitoka hula, hivyo harufu ya damu inaondoka kabla haijamwita mbweha. Mwanambuzi akisimama hulambwa na mama yake, na mama akiridhia, hata mbwa humlamba. Mbwa asiyelelewa vizuri, mahali hapo hapo, angemla mtoto pamoja na kondo.

Neno kulelewa ndilo ninalotaka watu walishike. Damu inampa ukubwa, utulivu na uthubutu. Damu haimpi mbuzi wa kuwapenda. Coppinger na mkewe walionyesha kwamba upo muda mfupi utotoni, takriban wiki ya nne hadi kama ya kumi na mbili au zaidi kidogo, ambapo mtoto wa mbwa huamua nani ni watu wake. Akiuishi muda huo akibebwa na watoto na kulala jikoni, watu wake ni binadamu. Akiuishi zizini, akisikia pumzi za mbuzi usiku, ukoo wake ni mbuzi, na atawatetea hivyo maisha yake yote. Kangal mwenye vyeti vyote aliyelelewa sebuleni, ukimpeleka zizini akiwa na mwaka mmoja umepeleka mnyama wa kilo 50 asiyewajua mbuzi ni nani.

Sasa tazama mbwa wetu wa Ugogo. Ni hodari, anastahimili njaa na joto. Lakini ni mbwa wa mtoto. Anamfuata mtoto anayechunga, wanakwenda pamoja, wanagawana kiporo, wanawinda sungura. Mtoto akirudi, mbwa anarudi. Usiku analala mlangoni kwenye tembe au karibu na jiko, na zizi liko kule pembeni. Anapobweka, fisi ameshaingia. Halafu tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wengi wako darasani, jambo jema ninalolishukuru, na mbwa amebaki nyumbani akimsubiri mwenzake, huku mbuzi wakienda malishoni na bibi mmoja mzee au peke yao. Fisi hakupewa ratiba ya shule, lakini anaijua.

Ndiyo maana anayeniuliza kuhusu Kangal namjibu hivi: chukua malezi yake kabla hujafikiria kumnunua. Botswana, wafugaji wanatumia mbwa wa kienyeji wa Kitswana, wadogo, wa bei ndogo, waliolelewa na mbuzi, na wanalinda vizuri. Mbwa wa kienyeji anakula kidogo, joto halimsumbui, na amezoea maradhi ya hapa. Kangal anayekua anataka unga mwingi, dagaa, mifupa na damu ya machinjioni, kila siku bila kukosa, na nyumba nyingi ninazozifahamu zinahesabu debe la uwele mwezi wa Februari. Mbwa mkubwa mwenye njaa anaondoka kutafuta chakula chake, na akiondoka hayuko na mbuzi.

Pia kuna kupe. Mbwa aliyetoka nchi ya baridi hana kinga na homa za kupe wetu, na sehemu zenye ndorobo anaweza kupata nagana kama ng'ombe. Nimewatibu mbwa wa kigeni mjini, wazuri mno, ufizi umekuwa mweupe kwa kukosa damu, na mwenye mbwa anasema alikuwa mzima juzi. Anayeleta Kangal ajiandae kumkagua masikioni na katikati ya vidole kila jioni, na aweke dawa ya kupe kwa ratiba, si kwa kukumbuka.

Kwa ndugu zangu wa Nala na Ihumwa nina neno gumu kidogo. Msimfunge Kangal getini. Mbwa aliyeumbwa kutembea maili nyingi na kuamua mwenyewe, ukimfunga mnyororo kwenye kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, anatafuta la kulinda na kila apitaye anakuwa adui: mwanafunzi, muuza maziwa, shangazi aliyekuja kusalimia. Denmark iliwapiga marufuku Kangal mwaka 2010 pamoja na aina nyingine kadhaa. Naamini mbwa hakukosea, mahali ndipo hapakumfaa. Na wanaomtafuta kwa ajili ya kupiganisha mbwa wasinipigie simu kabisa.

Anayetaka kujaribu malezi haya kwa mbwa wa kienyeji, naeleza jinsi tunavyofanya. Tafuta mama mbwa ambaye hajawahi kula yai wala kukimbiza kuku. Mtoto atolewe akiwa na wiki nane, si chini ya hapo, na aingizwe kwenye kizizi kidogo chenye wanambuzi na mbuzi wapole walioachisha. Usimwingize kwa mama anayenyonyesha, atapigwa pembe na ataogopa mbuzi maisha yake yote. Acha tundu dogo chini ya ua ambalo yeye tu anapita, apate pa kukimbilia. Alishwe humo humo zizini. Watoto wa nyumba wasimbebe. Mshike mara moja kwa siku, umpapase, umfungue mdomo, ili siku ya chanjo akubali, kisha umrudishe. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata akitimiza miezi mitatu, halafu kila mwaka, na hapa sina mjadala na mtu: kichaa kikishaonekana hakina tiba.

Akifikisha umri wa miezi minne au mitano atataka kucheza, atawakimbiza wanambuzi na kuvuta masikio. Wengi hukata tamaa hapo wakamfukuza au kumpiga hadi akaharibika. Ni utoto. Mkemee palepale, na akizidi, mfunge kigogo chepesi kinachoning'inia shingoni mpaka magotini. Anatembea vizuri, ila akikimbia kinamgonga miguu na anaacha. Kangal mwenyewe hupitia hali hiyo, na hutulia akikaribia miaka miwili. Mzee wa Idodi alisema wake alimsumbua mwaka mzima.

Kwa sasa tunaye mmoja Mvumi, dume la kahawia, kwa mama mmoja mwenye mbuzi wa kutosha ambaye alikubali kulala na wasiwasi wa kujaribu. Yuko kwenye utoto huo ninaousema na kigogo anacho shingoni. Analala katikati ya mbuzi, anakula ugali wa uwele na dagaa asubuhi na jioni, na chanjo ameshapata. Usiku ameanza kubweka kuelekea korongoni, na mama yule anatoka na tochi ili mbwa amsikie akimtia moyo. Anayetaka kuja kumwona aniandikie, tutapanga jioni moja mbuzi wakirudi. Aje kwa miguu, asimpe chakula, na mbwa wake mwenyewe amwache nyumbani.